Makaa Hayarudi Jikoni

Makaa mimi nimeacha. Nasema mapema ili anayetaka kununa aanze kununa sasa, asije baadaye akasema hakuambiwa. Sipiki kwa makaa, sipiki kwa kuni, na anayedai kwamba wali usiopata moshi si wali, aje tubadilishane mapafu, yeye achukue yangu na mimi nichukue yake, halafu tuone nani atapika.

Na si kwamba moto siujui. Nimezaliwa Miono, nimekulia kwenye mafiga, nilijua kupuliza kuni mbichi mpaka zikawaka kabla sijajua kuandika jina langu. Nilipoolewa Bagamoyo mjini, kwa watu wenye asili ya Oman wanaouza vitambaa, nikakuta wao wanapikia makaa, nikajiona nimepanda cheo. Jiko lenyewe lilikuwa ndani, kwenye chumba chenye kidirisha kimoja cha nondo, kwa sababu mama mkwe wangu hapendi mpita njia ajue kwake kinapikwa nini. Humo nimepika nikiwa na mimba, nikiwa nanyonyesha, nikiwa na homa. Nimepika futari za miaka yote, na misiba pia.

Kikohozi kilipoanza nilidhani ni mafua. Kikakaa. Kikawa cha asubuhi, kikawa cha mchana, mwisho nikawa siwezi kukuna nazi moja bila kuiacha kwenye mbuzi katikati na kukaa kutafuta pumzi. Nikaenda hospitali. Daktari, binti mdogo tu kwa sura, akaniwekea chombo chake mgongoni, akasikiliza, akasikiliza tena, akauliza, "Mama, unavuta sigara?"

"Astaghfirullah! Mimi?"

"Basi unapikia nini?"

Nikamwambia, na kidirisha cha nondo nikamwelezea. Akaniandikia dawa, kisha akaweka kalamu chini. "Dawa nakupa, mama. Lakini ukirudi kwenye moshi ule ule, mimi natia na wewe unamwaga. Mapafu yako yamechoka. Yakiendelea kuchoka, itafika mahali sina dawa ya kukupa."

Nilitoka pale nikiwa nimeogopa, sifichi. Lakini kufika nyumbani woga ukageuka hasira, maana nilijua kinachonisubiri. Nyumba ile ni ya mama mkwe, na jikoni ni pake kuliko nyumba. Hapiki siku hizi, miguu haimruhusu, lakini kiti chake kiko mlangoni pa jikoni na ulimi wake uko ndani ya sufuria. Nikampa shikamoo, nikamwambia alivyosema daktari.

"Sisi tumepika hivi tangu enzi za bibi yangu," akasema, "na hajafa mtu kwa moshi."

"Bibi yako alikufa kwa nini, mama?"

"Kifua." Akajiweka sawa kitini. "Lakini alikuwa mzee."

Gesi hakutaka hata kuisikia. Kwake yeye gesi ni bomu lililofungwa kizibo. Nikamwambia basi ni umeme. Akauliza umeme ukikatika je? Nikamuuliza na makaa yakilowa mvua je? Tukabishana hadi adhana ya alasiri. Alipoona sirudi nyuma akanipa sharti. Mdogo wake wa kiume anakuja kutoka Unguja baada ya Idi, hajafika Bagamoyo muda mrefu, naye amelelewa kwenye wali wa nazi wa kupaliwa. Nimpikie huo huo, kwa hicho kidude changu. Mgeni akila akaridhika, makaa yatoke. "Lakini ukinitia aibu mbele ya ndugu yangu," akasema, "gunia linarudi jikoni, na habari za kifua sitaki kuzisikia tena."

"Nimekubali," nikasema. Palepale, bila kufikiri.

Asiyejua kupalia, nimwambie. Wali ukikaribia kukauka tui, unapunguza moto chini, unachota makaa mekundu unayapanga juu ya mfuniko. Wali unaiva chini na juu, punje zinaachana, na chini kunashika ukoko wa rangi ya dhahabu. Ndiyo heshima ya wali wa pwani. Sasa mimi nimekubali kupalia kwenye jiko lisilo na hata kaa moja! Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nikanunua jiko kwa pesa yangu ya kuuza visheti. Indaksheni, ndivyo alivyoliita muuzaji: kioo cheusi, chembamba, cha sahani moja tu, na vitufe vyake mbele. Akaniambia haliwaki, linaipasha sufuria yenyewe, na mkono ukiuweka pembeni huungui. Nikalibeba kama mtoto mchanga. Nikalipangusia meza jikoni, nikachukua sufuria yangu ya kila siku, ya alumini, nikatia maji, nikabonyeza.

Ti, ti, ti, ti. Likalia, likaandika herufi, likazima.

Nikabonyeza tena. Ti, ti, ti. Nikaleta sufuria kubwa zaidi, nayo ya alumini. Ti, ti. Siku hiyo wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amekuja kumsalimia mama yake. Alikaa mlangoni akicheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Wifi, jiko limekukataa! Kumbe hata majiko yanamjua mtu wa shamba!"

"Cheka wifi," nikamwambia, "kucheka hakulipiwi umeme." Lakini moyoni nilikuwa nachemka kuliko yale maji.

Lile boksi sikuwa nimelitupa. Nikalitazama vizuri, nikaona mchoro wa sumaku imenasa chini ya sufuria. Ala! Kumbe. Nikaenda kwenye kabati la nguo, nikang'oa kile kishikizo cha sumaku cha mlangoni (mlango mpaka leo haufungi, na uache usifunge), nikaanza kupita nacho nyumba nzima. Sufuria za alumini, moja baada ya moja: sumaku inaanguka. Chungu cha mchuzi: bure. Sufuria ya shaba ya mama mkwe, aliyokuja nayo akiwa bibi harusi: ikateleza kama inateleza kwenye sabuni. Akaniuliza kama napigia vyombo vyake ramli. Nikafika kwenye karai la kukaangia, sumaku ikanasa. Nikafika kwenye kile chuma kizito cha chapati, sumaku ikaruka mkononi mwangu, ta!

Nikaweka karai kwenye kioo kwa furaha. Likayumba. Kitako chake ni cha duara, kimezoea kukaa kwenye shimo la jiko, juu ya kioo kilicho sawa likawa linacheza tu na jiko likilia vile vile. Hapo nikapata mambo mawili ambayo hakuna aliyenifundisha: sumaku ishike, na kitako kilale.

Nikaenda sokoni na sumaku yangu kwenye pochi. Watu wa vyombo walinichoka siku ile. Kuna mmoja alinitolea sufuria inayong'aa mpaka unajiona wanja, akasema, "Hii stenlesi ya ukweli mama, haijui kutu." Nikaigeuza, nikaweka sumaku. Ikaanguka.

"Haishiki," nikasema.

"Sufuria ishike nini tena, mama? Sufuria inapika!"

"Nipe ile nyingine."

Ile nyingine ilinasa pembeni, chini ikakataa. Nikaomba ya tatu. Hiyo ilinasa vizuri, lakini nilipoiweka juu ya kioo cha meza yake na kuibonyeza ukingo, ikainuka upande wa pili. Nikamwambia hiyo inacheza ngoma. Akashika kiuno. "Mama, wewe unanunua sufuria au unaposa?"

"Naposa," nikamwambia. "Na mahari natoa mimi, kwa hiyo nitachagua mpaka jua lizame."

Nikachagua kweli. Niliyoondoka nayo ilikuwa nzito, kitako kinene kama kimeshonewa kisahani kingine chini, sumaku ikiganda hapo huiondoi kwa kucha. Mfuniko wake ulikuwa wa kioo, wa kuvimba, nikauacha. Nilijua nitatumia mfuniko wangu wa zamani wa alumini, ule bapa, maana jiko linabagua kilicho chini tu. Cha juu halina habari nacho.

Kesho yake nikafanya kituko. Tazama, kwetu sufuria haiendi motoni uchi. Unachukua majivu, unayalowesha, unaipaka nje yote na chini, ili masizi yashike majivu na wewe upate kuiosha kwa raha. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Basi nimesimama na sufuria mpya, na mama mkwe kitini kwake akapaza sauti, "Hujapaka majivu, utaiharibu!" Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikaenda kuchota majivu kwenye jiko la zamani, nikaipaka sufuria chini, nikaiketisha kwenye kioo, nikawasha. Majivu yakakauka, yakapasuka, yakasagika kati ya chuma na kioo. Nilipoinua sufuria, kioo kilikuwa na mduara mweupe wa mikwaruzo.

Mwana wee, nililia. Nililia kwa hasira. Masizi yatoke wapi, pasipo na moto wala moshi? Nilimgeukia mama mkwe nikamkuta amejishika mdomo. Yeye na mimi, wote wawili, haikutupitia akilini. Nilipanguza kioo na kitako cha sufuria, nikairudisha na maji, nikabonyeza, nikasubiri kile kilio. Hakikuja. Jiko likanguruma kidogo, na maji yakachemka upesi kuliko nilivyotarajia. Mikwaruzo ipo mpaka leo, na wifi hupenda kuwaonyesha wageni.

Basi nikaanza kupikia kioo. Gunia la makaa nikalitoa jikoni, nikaliegesha ukutani uani, kwa muda, kama tulivyopatana. Mama mkwe akagoma. Mchuzi ninaopika akawa anaonja kwa ncha ya kijiko, anasukuma sahani, anaagiza mkate dukani. "Hakina harufu," anasema. "Chakula cha hospitali." Mume wangu nilipomtazama anisaidie, akasema hayo ya kwenu wanawake, akaenda dukani. Sikumlaumu. Yeye anaogopwa na wateja, lakini yeye anamwogopa mama yake.

Lakini kifua, jamani, kifua! Asubuhi moja nilipenga kamasi nikaitazama leso, ikawa nyeupe. Nilizoea kuona weusi, nikidhani ndivyo kamasi ya mwanamke ilivyo. Nikakuna nazi mbili mfululizo, mpaka nikashangaa mwenyewe. Nikajua hapo kwamba sina tena pa kurudi, na kwamba kama wali wa mgeni utaharibika, nitakuwa nimeonjeshwa pumzi ili ninyang'anywe.

Na wali ulikuwa unaharibika. Chini unaiva, ukoko unashika vizuri kabisa, juu umelowa kama bokoboko. Nikafunika kwa kitambaa, bado. Nikapunguza namba, bado. Nikaugeuza kwa mwiko katikati, ukavunjika punje. Kila nikishindwa nasikia kutoka mlangoni, "Makaa yako uani, mwanangu. Hayajaenda mbali."

Suluhisho lilitoka kwenye ufinyu wa jikoni. Jioni moja nilikuwa nachoma chapati kwenye kile chuma kizito. Nikamaliza, chuma kimeiva, na mezani hapana nafasi hata ya kuweka kikombe. Sufuria yenye kiporo cha wali ilikuwa pembeni, na mfuniko wake bapa. Nikakiweka chuma juu yake nikaenda kula. Niliporudi kukiondoa, nikafunua ile sufuria, na wali wa juu ulikuwa umekauka, una moto, punje moja moja. Nilisimama pale nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe makaa ninayo! Chuma ndicho makaa yangu!

Nikajaribu tena siku zilizofuata, kimya kimya. Wali ukikaribia kukauka, naushusha, naufunga taulo usipoe. Naweka chuma kitupu kwenye kioo mpaka joto lake linakupiga usoni ukikisogelea. Kisha sufuria inarudi jikoni kwa namba ya chini kabisa, na chuma kinapanda juu ya mfuniko. Mara ya kwanza nilikipasha kupita kiasi, nikaunguza kitambaa cha kushikia. Mara ya pili nikapatia.

Siku ya mgeni ikafika, Jumamosi. Kamba wabichi wa Mbegani nilikuwa nimewapata asubuhi, nikaanza na mchuzi ili sahani yangu moja ipate nafasi ya wali. Nimeshatia mchele kwenye tui, najipangusa jasho, nikasikia harufu ninayoijua. Nikatoka uani. Wifi ameinama kwenye jiko la makaa, anapepea kwa kifuniko cha ndoo, makaa yameshika mekundu kabisa, na moshi unaingia kwenye kidirisha cha nondo.

"Wifi, unafanya nini?"

"Mama kaniambia niyaweke tayari. Ukishindwa, tusaidiane kupalia kabla mjomba hajajua."

Kifua kikanibana papo hapo. Mama mkwe alikuwa ananitazama kutoka mlangoni. Nikachukua ndoo ya maji ya kuoshea kamba, nikamwaga yote. Pssss! Majivu yakaruka mpaka kwenye dera la wifi, makaa yakawa meusi, harufu ya kamba ikatanda uani.

"Una wazimu!" wifi akapiga kelele.

"Ninao. Sasa hatuna makaa, na mgeni yuko njiani. Nipisheni nipike."

Nikarudi ndani nikafunga mlango. Kama ule wali ungelowa juu, sikuwa na pa kushika. Nikaushusha, nikaufunga taulo. Nikapasha chuma. Nikaketisha sufuria, chuma nikakipandisha juu ya mfuniko, nikakaa chini na kusoma kila dua niliyofundishwa na mama yangu Miono.

Mjomba alikuwa mzee mwembamba, mcheshi, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na maneno mengi. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba na kuniombea dua ndefu. Nikawaandalia yeye na dada yake kwenye mkeka wa sebuleni, wifi akakaa pembeni amenuna, na mimi nikasimama na upawa. Mzee akapiga bismillahi, akatia mkono kwenye sinia, akaukusanya wali kwa vidole. Punje ziliachana. Akala tonge moja, la pili, la tatu. Akaacha hadithi aliyokuwa akiisimulia. Kisha akauliza, "Ukoko uko wapi? Au nyumba hii siku hizi mnamficha mgeni ukoko?"

Nikamletea mzima, mduara mmoja, wa dhahabu. Akauvunja kwa mikono miwili. "Mashaallah, dada, una mkwe," akasema. "Huku ndiko kupalia."

Nikamtazama mama mkwe. Sharti lilikuwa la kwake, maneno yalikuwa ya kwake. Yeye alikuwa amekula kimya, mpaka sehemu yake ya sinia ikabaki nyeupe. Akajifuta vidole polepole.

"Umeiva," akasema. "Lakini hauna moshi. Ndugu yangu ana njaa ya safari, ndiyo maana anasifu. Wali wa nyumba hii una moshi ndani yake, tangu enzi za bibi yangu. Gunia lirudi jikoni. Huu si wali wetu."

Wifi akainua uso. Mjomba akaacha kutafuna. Na mimi, ambaye miaka yote katika nyumba ile nilijibu kwa "ndiyo mama", nikasikia sauti yangu inatoka. Nikamwambia mama, moshi wa wali wenu niliuweka mimi, na ulipotoka kwenye sufuria uliingia kwangu. Nimeubeba kifuani kwa niaba ya nyumba nzima, mkila mnasifia harufu mimi nakohoa nyuma ya mlango. Na bibi yako aliubeba kabla yangu, na ukamzika, na hakuna aliyemuuliza kama anautaka. Gunia halirudi. Likirudi, apike aliyelirudisha, na mimi nitakuja kula kama mgeni. Nilisema yote hayo kwa mkupuo mmoja, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na pumzi ikanitosha.

Mjomba akatazama mkeka.

"Hata hivyo," mama mkwe akasema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza, "si wali wetu."

"Basi ni wangu," nikasema, na nikachota upawa uliojaa. "Nikuongeze?"

Akasogeza sinia upande wangu, sehemu yake nyeupe ikitazama upawa.